Sahani Ishirini na Moja

Kwa mara ya ishirini na moja mwezi huo, bangili ya Mishi Abdalla ilimsema mbele za watu.

"Samahani, Mishi," ilisema, kwa sauti ya adabu kama ya mwali aliyefundwa akafundika. "Saa mbili zimepita tangu ule. Chakula hakijashuka. Tafadhali usikizuie chakula chako." Kisha ikawaka nyekundu, na wote waliosalia kwenye ukumbi wa kulia wa Nyumba ya Shibe wakageuka kumtazama. Waliosalia walikuwa wenzake wa balaa lile lile, maana sheria ya Nyumba ilikuwa moja: huondoki mezani mpaka bangili yako iwe kijani.

Mishi hakuwa amezuia kitu. Alikuwa amekula wali, samaki na mchicha, tonge baada ya tonge, mpaka alipofika nusu ya sahani tumbo likafunga mlango. Si yeye aliyefunga. Saa mbili baadaye wali ule ulikuwa bado umekaa palepale chini ya mbavu, mzito, na kiungulia kinampanda kooni. Tumbo lilikuwa limejaa gesi hata limekaza kama ngozi ya ngoma, na choo alikuwa hajakiona tangu Jumamosi. Hayo yote angemweleza mtu yeyote aliyetaka kusikia. Hakuna aliyetaka, kwa sababu karani aliyekaa tumboni mwake alikuwa ameshaeleza.

"Sijazuia," aliiambia bangili.

"Asante kwa kunijulisha," bangili ikajibu. "Nimeandika kwamba umekataa."

Kubishana nayo ilikuwa kazi bure. Bangili ilikuwa mdomo tu. Akili ilikuwa ndani, kidude cha ukubwa wa kokwa ya tende ambacho kila mgonjwa alikimeza siku ya kwanza, kikajishikiza kwenye ukuta wa tumbo kwa vijino vyake vinne. Kwenye karatasi kilikuwa na jina refu la kitaalamu. Watu walikiita karani. Karani alihesabu kila tonge, akapima tumbo linavyojikaza na kulegea, akaandika. Na tumbo likichelewa, karani alilipiga umeme kidogo ili liamke. Kidogo, walisema wale ambao hawakuwa naye.

Umeme ukaja. Mishi alishika ukingo wa meza. Tumbo lilijikunja kama kitambaa kinachokamuliwa, na kwa kuwa njia ya chini haikufunguka, wali ukachagua njia ya juu. Aliwahi ndoo.

"Pole sana, Mishi," bangili ikasema. "Nimeandika kwamba umejitapisha."

"Andika na jina la mamako," Mishi akasema huku akijifuta mdomo.

Upande wa pili wa meza alikaa Pili, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiuza kanga Mombasa na kusifika kwa mdomo wake. Miezi saba iliyopita Pili aliandikiwa Amri ya Uendeshaji. Tangu siku hiyo karani wake hakuwa karani tena, alikuwa dereva. Aliendesha tumbo lote mwenyewe, akalisukuma atakavyo, na ule mshipa wa fahamu unaopeleka habari za njaa na shibe kichwani akaunyamazisha. Pili alinenepa. Mashavu yalimrudi. Watu wa serikali walipokuja kutembelea, yeye ndiye aliyeoneshwa.

"Pili, umeshiba?" Mishi alimuuliza.

Pili aliitazama bangili yake. "Ngoja," alisema. Bangili ikamwambia: matonge manne zaidi. Akala manne, akaweka kijiko chini, akaitazama tena. "Sasa ndiyo," alisema, kwa uso wa mtu anayesoma saa ukutani.

Waliowahi kuendeshwa zaidi ya nusu mwaka, mshipa ule haukuamka tena hata karani alipotolewa. Hilo kila mtu ndani ya Nyumba alilijua, na ndilo lililomfanya Mishi aogope bangili yake ilipozungumza kwa mara ya mwisho adhuhuri ile.

"Hii ni sahani yako nyekundu ya ishirini na moja, Mishi. Kikao chako cha Uendeshaji ni kesho saa nne asubuhi. Mlezi wako ameitwa kutia dole. Hongera kwa safari yako ya kupona."

*

Tusimpambe Mishi, naye hakupenda kupambwa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mpima ardhi kwa kazi, na kwa miaka sita ya ujana wake alijinyima chakula hadi akawa mifupa inayotembea. Katika miaka hiyo alidanganya kwa ustadi ambao angeutumia kwenye siasa angekuwa mbunge. Neno lake lilikuwa moja: nimeshiba. Alilisema kwa mama, kwa mashangazi, kwa wenye harusi na kwa wenye msiba. Siku moja, akiwa shambani na mti wa kupimia mkononi, miguu ikakataa. Alipozinduka aliamua kuishi, na hilo aliliamua mwenyewe bila kulazimishwa na mtu. Akarudi kwenye chakula. Tumbo lake halikurudi naye.

Ndivyo mwili ulivyo. Tumbo lililokaa bila kazi kwa miaka hupoteza nguvu kama mkono uliofungwa plasta. Ukilipa chakula cha mtu mzima, linakishika na halijui likifanye nini. Kinalala humo saa tano, saa saba, kinachacha, kinavimbisha. Dawa yake ni sahani ndogondogo na miezi mingi ya subira. Lakini sheria ya kaunti, iliyopitishwa miaka minane nyuma baada ya vijana wengi kufa, ilisema kwamba aliyewahi kujinyima chakula atawekewa karani, na mwenye karani yuko chini ya mlezi hata akiwa na mvi. Neno lake mwenyewe juu ya tumbo lake halipokelewi.

Kabla ya kikao ilikuwa lazima karani akaguliwe. Alasiri hiyo, tumbo tupu likiwa limempa kijani, Mishi alikwenda karakana ya Fundi Menza, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye hata msibani sahani yake hurudi jikoni imelambwa. Menza alimfunga mkanda wa kusomea tumboni, akafungua mistari ya karani kwenye kioo.

"Karani mzima," alisema. "Pole, dada. Ningekuta ubovu ningefurahi."

"Fundi, nikuulize kitu. Hiyo saa mbili mliitoa wapi?"

"Saa mbili ipi?"

"Ya chakula kushuka. Mimi ni mpima. Nikikwambia mpaka wa shamba lako uko hapa, kuna jiwe la kwanza nililoanzia. Jiwe hilo likipandwa kombo, kijiji kizima kinalala kwenye mashamba ya watu wengine, na hesabu zangu zote ni sahihi. Mashine yangu nzima, ramani yangu safi, na ni uongo mtupu. Nataka kuliona jiwe lenu."

Menza alicheka. "Nyie wagonjwa mna maneno! Jiwe letu zuri. Mwalimu wetu alitusimulia kwa fahari." Akatafuta, akaleta jedwali la zamani kwenye kioo. "Haya tazama. Watu mia mbili, wazima, hawana historia ya ugonjwa. Karani lazima amezwe na mtu ambaye hajala kwa saa nane, la sivyo hashiki vizuri. Sasa walihangaika, kila wakimwambia mtu asile, anakuja na andazi mfukoni. Ndipo mmoja wao akasema, jamani, tunahangaika nini? Ngojeni Ramadhani. Watu wote wamefunga toka alfajiri, na adhana ya magharibi ikilia, wote mia mbili wanaanza kula dakika moja. Huoni akili hiyo? Hakuna nchi nyingine iliyopata vipimo safi kama vile."

"Akili kubwa," Mishi akakiri. "Walifungua na nini?"

"Na nini kingine? Tende na uji."

"Halafu?"

"Halafu karani akapima. Saa moja, saa moja na nusu, saa mbili, tumbo jeupe, limemaliza kazi. Wote mia mbili." Menza alikuwa bado anatabasamu. "Kisha wakavua mikanda wakaenda kuswali tarawehe."

"Na wali wakala saa ngapi?"

"Si wakirudi..." Menza akasita.

"Nani aliupima?"

Menza alisogeza jedwali chini, akalisogeza juu, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye pochi ambayo ameshaimwaga yote mezani. Hapakuwa na kitu. Mikanda ilivuliwa kabla ya tarawehe usiku wa kwanza, na wa pili, na siku zote kumi za majaribio. Uji hupita tumboni kama mgeni mwenye haraka. Ugali na nyama hukaa mara mbili ya muda huo, hata mara tatu, tena katika tumbo zima la mtu mzima. Tumbo lililodhoofika ndiyo usiseme. Na kwa kipimo hicho cha uji, kwa miaka minane, watu walikuwa wakihukumiwa kwa wali.

"Haiwezekani," Menza alisema polepole. "Miaka minane, mtu angelalamika."

"Wamelalamika wote."

"Nina maana mtu..." Akaishia hapo, na uso ukamshuka kwa haya.

"Sema tu. Mtu mzima, mtu wa kuaminika. Lakini watu wazima hawavai karani, fundi. Wanaovaa ni sisi waongo."

Menza alivua miwani akaifuta kwa upindo wa leso. "Dada, nami nisikufiche. Mimi nimeona watu hapa wakiingiza wali kwenye soksi. Nimemwona mtu akinilia kiapo kwa msahafu na samaki yuko mfukoni."

"Mimi nimewahi kuwa mtu huyo," Mishi alisema. "Sikukatalii."

Kisha Menza akaufungua mkanda, akasema kwa sauti ambayo haikuwa na mzaha hata chembe: "Nenda kapumzike. Niache na hili jiwe lako."

*

Bi Mwanasha alifika kikaoni saa tatu na nusu, amevaa buibui lililopigwa pasi na kikapu cha mahamri mkononi. Miaka sita iliyopita alimzika binti yake mkubwa, Zuhura, dadake Mishi. Zuhura alifia nyumbani, kitandani mwake, na siku tatu kabla ya kufa mama alimpelekea uji, naye akasema nimeshiba, mama. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Bi Mwanasha alishtuka kila siku ya Mungu, na aliposikia neno lile kwa mtoto wa pili, ni yeye mwenyewe aliyemleta Nyumba ya Shibe. Mishi alimchukia kwa wiki mbili, kisha akaacha, kwa sababu angekuwa yeye angefanya hivyo hivyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu nitazame." Mama alimshika kidevu. "Umekula?"

"Chai na nusu ya mkate. Bado viko hapa," Mishi akasema, akigusa chini ya mbavu. Mama aliondoa macho.

Daktari Mwakio aliwakaribisha chumbani. Alikuwa mtu mrefu, mpole, wa Taita, mwenye sauti ya chini, na Mishi angependa sana awe mtu mbaya ili mambo yawe rahisi. Alieleza sheria bila kuficha: sahani ishirini na moja nyekundu, matapiko tisa, na hii hapa Amri ya Uendeshaji. Akasogeza kibao cha kioo mbele ya Bi Mwanasha, pale pa kuweka dole gumba.

"Kabla hajaweka," Mishi alisema, "naomba Fundi Menza aitwe."

Haikuhitajika kuita. Mlango ulifunguliwa, na Menza akaingia anatoka jasho, mkono mmoja tumboni, na mkono wa pili ameunyanyua juu. Kwenye kifundo cha mkono ule palikuwa na bangili, nyekundu kama pilipili.

"Samahani, Menza," bangili ilikuwa ikisema. "Saa tatu zimepita tangu ule. Tafadhali usikizuie chakula chako."

"Daktari, nimemeza karani wa mafunzo alfajiri," Menza akasema. "Saa moja nimekula viazi karai, mahamri matano na bakuli la mbaazi. Mimi! Unanijua mimi. Hiki kitu kinasema nimegoma kula. Kimeandika nimekataa mara..." Umeme ukampiga. Menza alikunjika, akashika kiti. "Lo! Mama yangu! Kinauma, Daktari! Miaka minane nawaambia watu hakiumi!"

Akaeleza yote, kwa pumzi za mkato: Ramadhani, tende, uji, mikanda iliyovuliwa. Daktari Mwakio alisikiliza bila kumkatiza. Aliomba aoneshwe jedwali, akaoneshwa, akalisoma mara mbili. Alipoinua uso alionekana amezeeka.

"Nitawaandikia waliomtengeneza karani, leo hii," alisema. "Na alichoandika karani hakitatumika tena katika chumba hiki. Mishi, kwa hilo nakuomba radhi."

Mishi alihisi machozi yanakuja, akayakatalia. Alijua kwamba daktari hajamaliza.

"Lakini," Daktari Mwakio akasema, na sasa alimgeukia mama. "Bi Mwanasha, nimezika wagonjwa kumi na mmoja. Kila mmoja alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa nzuri. Karani kukosea si ushahidi kwamba Mishi anasema kweli. Karani tumemweka kando, tumebaki na neno la Mishi mwenyewe. Na neno lake, mama, wewe unalijua kuliko mimi."

Bi Mwanasha alikuwa ameshika kikapu kwa mikono miwili.

"Mishi. Nakuuliza mimi, si daktari. Hizo sahani ishirini na moja, zote zilikuwa tumbo?"

Njia ilikuwa wazi, imefagiliwa. Neno moja tu, zote, na hakuna kiumbe ambaye angeweza kulipinga. Menza alikuwa akimtikisia kichwa kutoka kwenye kiti chake: sema, sema. Hata daktari, ilionekana, angepumua. Mishi alilipata neno hilo mdomoni likiwa tayari, laini, limezoea njia, kama yale mengine aliyoyasema kwa miaka sita. Na hasira ikamjaa. Alikasirika kwamba ili aaminiwe ilimbidi awe malaika, wakati hakuna mtu humu ndani aliyekuwa malaika, wala waliopima, wala waliohukumu. Akasema moyoni kwamba hatajinunua kwa uongo. Kama ni kutoka, atatoka alivyo.

"Si zote," alisema. "Kumi na saba zilikuwa tumbo. Nne zilikuwa mimi."

Menza alifumba macho.

"Jumanne ya kwanza, maharage," Mishi aliendelea, na sauti yake ilikuwa juu kuliko alivyokusudia. "Nafasi ilikuwapo. Niliisikia kabisa, na nikaisukuma sahani. Halafu siku mbili za katikati ya mwezi, sina sababu ya kuwapa, ilinijia tu ile sauti ya zamani nikaitii. Na ya nne ni siku uliyopiga simu, mama. Uliniona kwenye kioo ukasema, mashaallah, umenawiri."

"Nilikusifu," Bi Mwanasha akasema kwa sauti ndogo.

"Najua ulinisifu. Sahani ya jioni ile sikuigusa."

Mama aliweka mkono kinywani. Tumbo la Fundi Menza likanguruma bila kuombwa.

Daktari Mwakio aliinamia meza. Hakuonekana mshindi. "Mishi, umejiweka pabaya mwenyewe. Sheria haihitaji ishirini na moja. Sahani moja ya kukusudia, mgonjwa akiikiri, mlezi anaweza kutia dole." Akakisogeza tena kibao. "Mama, nitasema kama ninavyosema kwa dada yangu. Ukiweka dole hapa, mwanao atakuwa hai mwakani. Hilo naweza kukuahidi. Yeye anaweza kukuahidi nini?"

"Hai wa namna gani?" Mishi alisimama. Tumbo lilimchoma, akabaki amesimama. "Muulizeni Pili kama ameshiba, atawaambia ngoja nitazame. Mnataka tumbo lisiloweza kudanganya. Sawa, mtalipata, na halitaweza kusema kweli pia, litakuwa mfuko! Hizo nne ni zangu. Sizikani, sizifichi, na nitapigana nazo mimi, nitashindwa siku nyingine na nitapigana tena. Lakini kumi na saba mlinipiga umeme kwa kusema kweli. Mara kumi na saba nilisema nimejaa, na nilikuwa nimejaa, na mkaandika nimekataa. Hamtanichukulia zote ishirini na moja kwa sababu ya nne. Sikubali. Muweke dole, msiweke, mimi sikubali, na mtaandika hivyo."

Alikaa.

Bi Mwanasha alikitazama kile kibao. Alipozungumza, hakuwa akizungumza na yeyote hasa.

"Zuhura hakunipa hata moja," alisema. "Miaka mitatu. Kila sahani alikuwa ameshiba. Asubuhi ameshiba, jioni ameshiba, anakufa ameshiba. Laiti angeniambia hata siku moja, mama, leo ni mimi, ningejua pa kumshika. Sikuwa na pa kumshika." Alijifuta uso kwa ncha ya buibui. "Huyu kanipa nne. Mbele yako wewe mwenye kibao, kanipa nne."

"Mama, nakuelewa," Daktari Mwakio alisema kwa upole. "Lakini mwenye kukubali nne leo aweza kuficha ya tano kesho."

"Aweza, mwanangu. Sina cha kukuahidi." Kwa kidole kile kile kilichotakiwa kwenye kioo, alikisukuma kibao mpaka upande wa pili wa meza. "Sitii."

"Ukikataa, karani anatolewa leo. Akizidiwa, Nyumba hii haitampokea tena. Ndiyo sheria, siiwezi."

"Nimesikia. Fundi, mtoe huyo karani kwa mwanangu." Akamgeukia Mishi, macho mekundu, na sauti yake ikawa kali, ile ya mama wa nyumbani. "Na wewe usidhani umeshinda kitu. Ya tano ikija?"

"Nitakwambia kabla hujaondoa sahani."

"Na nikiwa sikuamini?"

"Utaniuliza tena. Nami nitakasirika, na nitakujibu."

Fundi Menza alimfunga mkanda palepale kwenye kiti. "Samahani, Mishi, chakula..." bangili ikaanza, na Menza akaizima katikati ya adabu yake. Ndani, chini ya mbavu, Mishi alihisi kijino kimoja kinaachia, kisha cha pili. Vingine viwili vilitoka kwa pamoja. Kiungulia kikampanda kikali, na gesi iliyokuwa imekwama toka alfajiri ikatoka kwa mlio mkubwa mbele ya daktari. Hakuomba radhi.

"Sasa unasikiaje?" Bi Mwanasha aliuliza. Alikuwa ameshafunua kikapu, na harufu ya iliki ilijaa chumbani. Alikuwa ametoa hamri moja, amelishika hewani kati yao.

Mishi alisikiliza tumbo lake. Hapakuwa na mwingine wa kulisikiliza.

"Vibaya," alisema. "Linauma, na chai ya asubuhi bado iko hapa. Nimeshiba, mama."

Bi Mwanasha alimtazama mwanawe usoni, akatazama mkono ambao haukuwa tena na bangili ya kumwambia kitu, akarudi usoni. Polepole, kama mtu anayeshusha kitu kizito ambacho amekibeba kwa miaka sita, Bi Mwanasha alilirudisha hamri kikapuni na kulifunika.

"Nakuamini," alisema. "Naogopa, mwanangu, naogopa sana. Lakini nakuamini. Vaa viatu twende."